Pale Shaka Inapodondoka Njiani

Waheshimiwa walimu wetu, wanataaluma wenzangu, na ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya afya ya jamii: asanteni kwa kunialika, na asanteni kwa kunipa mada nzito kama hii.

Nimeombwa nieleze kwa nini wataalamu, watu waliosoma, wenye nia njema na takwimu mezani, hutoa miongozo ambayo baadaye huonekana wazi kuwa ilikuwa na makosa. Jibu jepesi ni kwamba sayansi ilikuwa bado haijajua. Jibu hilo nalikubali nusu tu. Kutojua ndiyo hali ya kawaida ya kazi yetu, kwa kuwa ugonjwa mpya hauji na maelezo yake mkononi, na mtu anaweza kutojua na bado akaamua vizuri. Kinachotuponza ni kwamba kati ya meza ya mtafiti na tangazo linalomfikia mwananchi, shaka hudondoka njiani. Uamuzi hufika kwa watu ukiwa umevaa uhakika usio wake, na kuanzia hapo hata sisi wenyewe tuliouandika tunauamini kupita kiasi.

Niruhusuni nianze na ng'ombe.

Mwishoni mwa mwaka 1986 madaktari wa mifugo wa Uingereza walitambua ugonjwa mpya wa ubongo. Ng'ombe walikuwa wakitetemeka, wakiyumba na kuanguka, na hatimaye watu wakauita kichaa cha ng'ombe. Mwaka 1988 serikali iliunda jopo dogo la wanasayansi chini ya Sir Richard Southwood, profesa wa elimu ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Oxford, lieleze kama ugonjwa huo ungeweza kumpata binadamu. Hakuna aliyejua. Jopo lilitazama kilichokuwepo, hasa ugonjwa wa kondoo wa jamii hiyo hiyo, ambao ulikuwa umejulikana kwa zaidi ya miaka 200 bila kuonekana kuwadhuru walaji. Februari 1989 likahitimisha kwamba hatari kwa binadamu ilikuwa ndogo mno. Halafu likaongeza jambo moja zito: ikiwa tathmini hiyo si sahihi, matokeo yatakuwa mabaya kupindukia.

Ripoti ile ilikuwa na sehemu mbili. Iliyosafiri ni moja. Kwa miaka iliyofuata, kila aliyeulizwa alijibu kwamba wanasayansi wamesema nyama ni salama. Mei 1990 waziri wa kilimo alionekana mbele ya kamera akimpa bintiye baga ya nyama ya ng'ombe. Kisha tarehe 20 Machi 1996 serikali ile ile ikasimama bungeni kutangaza kwamba watu 10, wengi wao vijana, walikuwa wamepata ugonjwa wa ubongo wa aina mpya, na maelezo yaliyoelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba umetokana na ng'ombe. Waliokufa kwa ugonjwa huo Uingereza ni 178.

Uchunguzi ulioongozwa na Lord Phillips, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2000, haukuona kwamba serikali iliwadanganya watu kwa makusudi. Uliona jambo ambalo mimi linanisumbua kuliko uongo: maofisa waliamini kwa dhati kwamba hatari ni ndogo, wakawa na shughuli kubwa ya kuzuia taharuki. Na tazameni lilivyofika hadi machinjioni. Sheria ya kuondoa ubongo, uti wa mgongo na viungo vingine vya hatari ilikuwepo tangu 1989. Lakini wachinjaji na wakaguzi walikuwa wamesikia, kama kila mtu, kwamba hakuna la kuhofia. Mwaka 1995 wakaguzi walipofika bila taarifa walikuta vipande vya uti wa mgongo vikiwa vimebaki kwenye nyama. Nani atafanya kazi ngumu na chafu kwa uangalifu, kila siku, kwa ajili ya hatari ambayo ameambiwa haipo? Shaka ilipoondolewa kwenye tangazo, iliondoka pia mikononi mwa mtu mwenye kisu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kueleza mashaka ni suala la mawasiliano tu. Ni sehemu ya kinga yenyewe.

Sasa tuje karibu. Tarehe 28 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani liliandika kwenye mitandao, tena kwa herufi kubwa, kwamba ni ukweli: UVIKO-19 hauenei kwa hewa. Fikirieni tarehe. Virusi vilikuwa vimejulikana kwa miezi mitatu hivi. Mtu mwangalifu angeweza kusema tu kwamba bado hatujaona ushahidi wa kutosha wa kuenea kwa hewa. Hiyo ni kauli ya kweli. Lakini kutoona ushahidi ni jambo moja, na kuwa na ushahidi kwamba kitu hakipo ni jambo jingine kabisa, na katika kazi yetu hakuna kosa linalojirudia kuliko kuruka kutoka la kwanza hadi la pili bila kugusa ardhi. Tayari tarehe 10 Machi, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kwaya ya watu 61 ilikuwa imefanya mazoezi jioni moja. Baadaye ilibainika kwamba wagonjwa waliothibitishwa au kudhaniwa walifika 53, na wawili walifariki. Julai mwaka huo wanasayansi 239 walitia saini barua ya wazi wakiomba njia ya hewa itambuliwe. Shirika lilibadilisha maelezo yake polepole, na mpaka mwaka 2021 ndipo lilipoandika waziwazi kwamba virusi huenea kwa chembe zinazobaki hewani.

Kwa nini walisita hivyo? Kuna historia ndefu. Tangu mwanzo wa karne ya 20, Charles Chapin, mtu aliyeheshimika sana katika afya ya jamii ya Marekani, alifundisha kwamba maambukizi mengi ni ya kugusana na ya karibu, na kwamba watu wakiamini hewa ndiyo tatizo watakata tamaa na usafi. Kwa wakati wake lilikuwa fundisho lenye faida kubwa, maana lilipambana na imani ya kale ya hewa mbaya. Lakini lilirithiwa kizazi hadi kizazi kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Hivyo aliyesema hewa ndiye alitakiwa alete ushahidi, na aliyesema matone ya karibu hakudaiwa kitu. Mzigo wa ushahidi ulikuwa upande mmoja tu wa mizani, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeuweka huko. Wakati huo huo dunia ilikuwa ikinawa mikono na kupangusa vikopo huku madirisha yamefungwa.

Barakoa nitazipitia haraka. Tarehe 29 Februari 2020 daktari mkuu wa serikali ya Marekani aliwataka watu waache kununua barakoa, akisema haziwasaidii wananchi wa kawaida, ila wahudumu wa afya wakizikosa tutakuwa hatarini. Tarehe 3 Aprili mamlaka za nchi hiyo zikawashauri watu wafunike nyuso. Sababu ya kweli ya kauli ya kwanza, yaani uhaba, ilikuwa halali kabisa. Ingeweza kusemwa hivi: huenda zinasaidia, ni chache, tuwaachie wauguzi kwanza. Badala yake uamuzi wa kugawana kilicho haba ulivikwa joho la sayansi, na watu walipogundua, waliliondolea joho hilo heshima.

Najua mnachofikiri baadhi yenu, kwamba ni rahisi kuhukumu baadaye. Kweli. Na kazi hii inabanwa na methali mbili zisizopatana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la mafua, mafua yakawa mepesi kuliko ilivyohofiwa, likashutumiwa kwa kutia watu hofu. Mwaka 2014 Ebola ilithibitishwa Guinea mwezi Machi, na dharura ya kimataifa haikutangazwa mpaka tarehe 8 Agosti. Kabla mlipuko ule haujaisha zaidi ya watu 11,000 walikuwa wamekufa, na shirika likashutumiwa kwa kuchelewa. Mtaalamu anayejifunza kutokana na lawama za jana huishia kukimbia kosa la jana moja kwa moja hadi kwenye kosa la leo.

Mfano wa haraka iliyokosa breki ni wa mwaka 1976. Februari mwaka huo askari mmoja alikufa katika kambi ya Fort Dix, New Jersey, kwa virusi vya mafua ya nguruwe vilivyofikiriwa kufanana na vya janga la 1918. Wataalamu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Tarehe 24 Machi Rais Gerald Ford alitangaza kwamba kila Mmarekani atachanjwa. Kuanzia Oktoba zaidi ya watu milioni 40 walichanjwa. Janga halikuja. Kilichokuja ni ongezeko la ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré, takriban mtu 1 zaidi katika kila watu 100,000 waliochanjwa, na Desemba mpango ukasimamishwa. David Sencer, mkuu wa kituo cha kudhibiti magonjwa, aliondolewa kazini mwaka uliofuata.

Watu husema kosa lilikuwa kuogopa. Mimi nadhani kosa lilikuwa kufunga maamuzi mawili katika furushi moja. Kutengeneza chanjo ni uamuzi mmoja, ambao ukichelewa huwezi kuurudia. Kuidunga kwenye mikono ya watu ni uamuzi mwingine, na huo unaweza kusubiri. Msimu wa baridi wa nusu ya kusini ya dunia ulipita katikati ya mwaka bila virusi vile kuonekana, na huo ulikuwa wakati wa kusimama na kuuliza upya. Walikuwepo waliopendekeza chanjo ihifadhiwe ghalani mpaka dalili za kuenea zionekane. Lakini mpango haukuwa na mahali pa kusimama, kwa sababu ulikuwa umetangazwa kama jambo moja lenye uhakika mmoja.

Nije sasa kwenye habari inayoniuma zaidi, ya maziwa ya mama.

Ilipojulikana kwamba VVU vinaweza kupita kwenye maziwa ya mama, na kwamba bila dawa kunyonyesha kunaweza kuongeza hatari ya mtoto kuambukizwa kwa asilimia 5 hadi 20, ushauri ulionekana wazi: mama mwenye VVU asinyonyeshe kama anaweza kupata mbadala ulio salama. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2000 uliweka masharti, kwamba mbadala uwe unakubalika, unawezekana, unamudika, ni endelevu na ni salama. Masharti mazuri, lakini yakifika zahanati yenye foleni, nani atayapima? Botswana ilifanya lililoonekana la kiungwana kabisa: iligawa maziwa ya kopo bure. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, kuhara kukalipuka. Zaidi ya watoto 500 wa chini ya miaka mitano walikufa katika miezi michache, na uchunguzi ulionyesha kwamba kutonyonya ndiko kulikowaweka watoto wachanga kwenye hatari kubwa kupita mambo mengine yote.

Wataalamu hawakuwa hawajui kwamba maziwa ya mama yanakinga dhidi ya kuhara. Tumelijua hilo muda mrefu sana. Tatizo ni kwamba swali lililokuwa mezani liliandikwa na watu wa VVU: tutapunguzaje maambukizi? Kwa swali hilo, maziwa ya kopo yalikuwa jibu sahihi. Swali la mama lilikuwa jingine: mtoto wangu atafika mwaka wa pili akiwa hai na bila virusi? Na kulikuwa na dalili za mapema. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, wakiongozwa na Anna Coutsoudis, walionyesha kwamba watoto walionyonya maziwa ya mama peke yake katika miezi ya kwanza waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa maziwa na vyakula vingine. Jaribio la kitafiti lililofanywa Botswana kwenyewe, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, lilionyesha kwamba kufikia miezi 18 watoto wa maziwa ya kopo na wale walionyonya huku wakipewa dawa walikuwa karibu sawa ukihesabu pamoja vifo na maambukizi. Wale wa maziwa ya kopo waliambukizwa wachache zaidi, lakini wakafa wengi zaidi katika miezi ya mwanzo. Mwongozo wa mwaka 2010 ndio uliowarudishia akina mama ruhusa iliyo wazi: nyonyesha, ukiwa kwenye dawa za kufubaza virusi.

Ninaomba mlitafakari hili mkiwa kazini. Shaka ya upande mmoja huonekana kama uangalifu. Kamati inapokaa kujadili madhara ya kitu kimoja tu, hata ikiwa makini namna gani, imeshaamua kabla ya kuanza. Kifo cha VVU kilikuwa na idara, bajeti na taarifa ya kila robo mwaka. Kifo cha kuhara kilikuwa cha idara nyingine.

Na kuna hali mbaya zaidi, pale ambapo shaka haikuwepo tangu mwanzo. Kwa miongo mingi mtoto aliyefika hospitali na homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika alipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka. Fiziolojia ilisema hivyo, vitabu vilisema hivyo, na daktari aliyekuwa akiangalia aliona mapigo ya moyo yakitulia. Profesa Kathryn Maitland na wenzake walithubutu kuuliza. Katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa maji ya haraka na wengine wakapewa kidogo kidogo. (Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa, hao wana mwongozo wao.) Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, Januari 2011. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa kama 10 au 11. Kati ya wasiopewa, walikufa 7.

Yaani matibabu ambayo kila mtu aliyaamini yalikuwa yakiua. Hatukujua kwa sababu kila mtoto aliyepona alithibitisha imani yetu, na kila aliyekufa tulisema alichelewa kuletwa. Wengi walipinga matokeo, wakasema hospitali zile si kama zao, na miongozo ya kimataifa ilichukua miaka mingine kadhaa kubadilika. Mimi nawaheshimu watafiti wale, na wazazi waliokubali watoto wao washiriki katika saa ngumu kuliko zote, kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Basi tufanye nini ugonjwa mpya ukibisha hodi na waziri anataka jibu kabla ya saa nane mchana? Kusema tusubiri ushahidi si jibu, maana kusubiri nako ni sera na kuna watu watakaokufa kwayo. Jibu lililo bora tuliliona mwaka 2020. Machi mwaka huo dawa ya malaria, haidroksiklorokwini, ilipewa kibali cha dharura Marekani na kusambazwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 kwa matumaini matupu. Mwezi huo huo Peter Horby na Martin Landray wa Oxford walianzisha jaribio kubwa na sahili katika hospitali za Uingereza: mgonjwa anapewa dawa fulani au hapewi, kwa bahati nasibu, na tunahesabu nani amepona. Mapema Juni walitangaza kwamba haidroksiklorokwini haiokoi wagonjwa waliolazwa. Siku 11 baadaye, tarehe 16 Juni, walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Wote walikuwa hawajui. Tofauti ni kwamba wale wa Oxford waliifanya shaka yao ifanye kazi tangu siku ya kwanza, na madaktari wa wodini, waliochoka kama wenzao wa kwingineko, walikubali kusema kwa mgonjwa: hatujui, hebu tujue pamoja.

Nina ombi mahususi kwa wale kati yenu mtakaoketi kwenye kamati za ushauri. Msikubali kutia saini ushauri ambao hauna, ndani ya ukurasa ule ule wa kwanza, maelezo ya kiasi gani mnaamini mnachokisema, kwa tarakimu ikiwezekana. Mwandike ni habari gani ikija mtabadili mawazo, na tarehe ya kukutana tena hata kama hakuna aliyelalamika. Mwandike ni nani ataumia kama mmekosea upande huu, na nani kama mmekosea upande ule, na mwalike watu wa idara ile nyingine kabla ya kupiga kura. Na pale ambapo mnagawana kilicho haba, semeni kwamba mnagawana kilicho haba.

Mtaambiwa wanasiasa hawataki karatasi ya namna hiyo, na kwamba wananchi watachanganyikiwa. Nimelisikia hilo muda wote wa kazi yangu. Lakini mkulima hupanda bila kuijua mvua, na mzazi humpeleka mtoto hospitali bila kujua kama homa itashuka. Hawa si watu wa kufichwa neno huenda. Walichotuadhibu kwacho mwaka 2020 ni kuambiwa kwa uhakika jambo moja kuhusu barakoa mwezi Februari, na kwa uhakika ule ule kinyume chake mwezi Aprili. Kama karatasi ya Southwood ingesomwa bungeni yote, pamoja na sehemu yake ya pili, yamkini nyama isingeacha kuuzwa. Lakini yule mkaguzi wa machinjioni angekuwa na sababu ya kuinama na kutazama uti wa mgongo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Nimeacha muda wa maswali, na ningependa tuanze na wale wasiokubaliana nami.